Soketi ni moja tu, mbona unaifungua mara kumi?

Kuna kibarua nilipewa na jamaa mwenye mkahawa unaosambaza chakula hapa Nairobi. Ukurasa wake wa kupokea oda ulikuwa wa zamani, umeandikwa kwa jQuery, lakini seva haikuwa na shida. Oda ikiingia, inatokea kwenye skrini papo hapo kupitia WebSocket. Kazi yangu ilikuwa kuandika ukurasa upya kwa React, seva nisiiguse. Nikasema hiyo ni kazi ya wikendi.

Siku ya kwanza, oda moja ikatokea mara tatu. Dada wa kaunta akadhani ni wateja tofauti, akatuma bodaboda wawili kwa mlango mmoja. Chakula cha pili kilirudi kimepoa, na hasara ikakatwa kwenye malipo yangu.

React haikuwa na kosa, wala seva. Kosa lilikuwa langu, na ni rahisi sana kulifanya.

Ombi la kawaida la wavuti ni kama SMS: brauza inauliza, seva inajibu, yameisha. WebSocket, iliyopata kanuni zake rasmi mwaka wa 2011, ni kama simu isiyokatwa. Brauza inaomba kubadilisha mtindo wa mazungumzo, seva inajibu kwa nambari 101, kisha laini inabaki wazi na kila upande unaongea wakati wowote.

React nayo ina tabia yake. Data ikibadilika, inaita tena komponenti, yaani ile funksheni inayochora kipande cha ukurasa. Mimi nilikuwa nimeandika new WebSocket ndani ya komponenti yenyewe. Kwa hivyo kila ukurasa ukichorwa upya, nilipiga simu nyingine na ya kwanza sijakata. Laini tatu zikiwa wazi, habari moja inafika mara tatu.

Dawa ni hii. Kwanza, toa soketi nje ya komponenti. Iweke kwenye faili yake, ifunguliwe mara moja, ukurasa wote uitumie.

Pili, komponenti ijiandikishe tu kusikiliza, ndani ya useEffect, na irudishe funksheni ya kujiondoa. Ijiondoe yenyewe bila kukata laini, maana wengine bado wanasikiliza. Ukitumia StrictMode kwenye React 18, wakati bado unaunda programu, React huweka komponenti, huiondoa, kisha huirudisha makusudi. Ukiona oda zinakuja mara mbili hapo, usikimbilie kuzima StrictMode. Inakuonyesha kwamba umesahau kujiondoa.

Tatu, ukiongeza oda kwenye orodha, andika setOda(o => [...o, mpya]). Ukitegemea orodha iliyokuwepo ulipojiandikisha, msikilizaji wako atabaki na kumbukumbu ya zamani, na oda mpya itafuta zilizotangulia.

Nne, fikiria mtandao wetu. Stima ikipotea, WiFi inazima na laini inakatika. WebSocket ya brauza haijiunganishi tena yenyewe, na haikuwekei ujumbe uliokupita. Jaribu tena baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4, usije ukaisumbua seva. Ukirudi hewani, iulize seva oda ulizokosa. Kila oda iwe na nambari yake, ili ikija mara ya pili ukurasa uitupe.

Nilirekebisha usiku huohuo, na asubuhi kila oda ikatokea mara moja. Siku hizi, kabla sijampelekea mteja kazi, nafungua zana za brauza, naingia Network, natembea kurasa zote nikihesabu soketi zilizo wazi. Zikizidi moja, narudi mezani. Heri nihesabu mimi kuliko bodaboda ahesabu kwa mafuta yake.