Stacey Nuveman: Mdakaji Aliyewanyima Usingizi Warushaji

Wapenzi wa softiboli ya vyuo vikuu vya Marekani wakilitaja jina la Stacey Nuveman, hulitaja pamoja na namba 90. Hizo ni homurani alizopiga akiichezea UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kati ya 1997 na 2002. Aliipita rekodi ya Laura Espinoza wa Arizona, aliyekuwa na 85. Yeye naye alipitwa mwaka 2015 na Lauren Chamberlain wa Oklahoma, aliyemaliza na 95, na mwaka 2022 Jocelyn Alo, wa Oklahoma pia, akaifikisha rekodi hiyo 122. Mtu akiishia kwenye orodha atasema Nuveman aliongoza zamani, sasa amepitwa.

Usomaji huo unamdhulumu. Kati ya wanne hao, Nuveman peke yake ndiye aliyekuwa mdakaji, na jambo hilo linabadilisha uzito wa kila tarakimu iliyo mbele ya jina lake. Ninaamini pia kwamba ukubwa wake unaonekana zaidi katika mipira aliyoiacha ipite kuliko ile aliyoipeleka nje ya uzio.

Tuanze na mchezo wenyewe. Softiboli ni ndugu wa besiboli, mwenye uwanja mdogo zaidi na mpira mkubwa zaidi. Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani na mchezo una awamu saba. Mrushaji husimama futi 43, yaani mita 13 hivi, kutoka kwa mpigaji, na huutupa mpira kwa mkono unaozunguka kutokea chini. Mrushaji hodari wa chuo huupeleka kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa au zaidi, hivyo mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua kama atapiga au ataacha. Akiupiga, hukimbilia besi ya kwanza, kisha ya pili na ya tatu, hadi arudi nyumbani na kuipatia timu yake mkimbio mmoja. Akiupiga ukavuka uzio ungali angani, hiyo ndiyo homurani: anazunguka besi zote bila kusumbuliwa, na wenzake waliokuwa kwenye besi wanarudi nyumbani pamoja naye.

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji wa timu pinzani akiwa amevaa barakoa, kinga ya kifua na kinga za miguu. Hudaka kila mpira ambao mpigaji hakuugusa, huizuia kwa mwili ile inayodunda chini, na mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia bila mpira kupigwa, humrushia mwenzake mpira umbali wa karibu mita 26 kwa kufumba na kufumbua. Yeye pekee ndiye anayeutazama uwanja mzima mbele yake, kwa hiyo ndiye anayewapanga wenzake. Baada ya kuchuchumaa na kuinuka mara mia kwa siku moja, magoti huchoka, vidole huvimba na akili huwa imekwisha kufanya kazi ya watu wawili. Ndiyo maana makocha wengi humsamehe mdakaji akiwa mpigaji wa kawaida. Anayedaka vizuri na pia kuongoza kwa kupiga ni mfano wa kipa anayelinda lango lake na bado akamaliza ligi akiwa mfungaji bora.

Nuveman alizaliwa mwaka 1978 na kukulia kusini mwa California, ambako softiboli ya wasichana ina mizizi mirefu na hali ya hewa inaruhusu kucheza karibu mwaka mzima. Alisoma St. Lucy's Priory, sekondari ya wasichana ya Kikatoliki iliyoko Glendora. Kizazi chake kilivuna matunda ya sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. Kwa sheria hiyo vyuo vililazimika kuwapa wanawake nafasi michezoni, na mwaka 1982 yakachezwa mashindano ya kwanza ya kitaifa ya softiboli chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Bingwa wa kwanza alikuwa UCLA. Kwa hiyo msichana huyu alipojiunga nayo, aliingia katika nyumba iliyozoea vikombe.

Hakuhitaji muda wa kuzoea. Katika msimu wake wa kwanza, 1997, UCLA ilifika fainali ya taifa na kushindwa na Arizona. Mwaka 1999, chini ya kocha Sue Enquist, alipiga homurani 31 kwa msimu mmoja, na UCLA ikatwaa ubingwa jijini Oklahoma City kwa kuifunga Washington 3-2. Mwaka 2000 hakucheza chuoni kwa sababu ya maandalizi ya Olimpiki. Aliporejea 2001, UCLA ilifika tena fainali, ikapoteza 1-0 mbele ya Arizona ya Jennie Finch, mrushaji ambaye msimu ule alishinda michezo 32 bila kupoteza hata mmoja. Kwa kuwa hakucheza kila mwaka, kwa jumla alicheza misimu minne, kwa hiyo homurani zake 90 ni wastani wa zaidi ya 22 kwa msimu.

Namba nyingine mbili zinaeleza zaidi. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .466, maana yake katika kila majaribio 1,000 ya kupiga, 466 yangemfikisha salama kwenye besi. Mpigaji mwenye .300 tayari husifiwa. Namba ya pili hupima nguvu: mpigo wa besi moja huhesabiwa moja, wa besi mbili huhesabiwa mbili, hadi homurani inayohesabiwa nne, kisha jumla hugawanywa kwa majaribio. Nuveman alipata .945. Ukiigawanya namba hiyo kwa .466 unapata mbili na kidogo. Kila alipoupiga mpira kwa mafanikio, kwa wastani alijipatia besi mbili.

Mara nyingi nguvu na usahihi havikai pamoja. Anayetafuta homurani huzungusha gongo kwa nguvu zote na hukosa mara nyingi. Anayetafuta kugusa mpira tu huridhika na mipigo mifupi. Nuveman aliunganisha vyote viwili, na siri ninaiona katika namba ambayo watu huipita haraka: alipewa besi ya bure zaidi ya mara 200. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo la kupigika, mpigaji hutembea hadi besi ya kwanza bila jasho. Mara nyingine ulikuwa uamuzi wa makusudi wa kocha pinzani, aliyeona afadhali kumpa Nuveman besi moja kuliko kuhatarisha mikimbio mitatu. Mara nyingine mrushaji alijaribu kumtega kwa mpira uliopotoka kidogo tu, naye akaukataa.

Kukataa huko ni ujuzi, na hapo ndipo kazi ya mdakaji inapomsaidia mpigaji. Katika kila mchezo Nuveman aliitazama mirusho ya wenzake kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Aliona jinsi mpira wa kupanda unavyomdanganya mpigaji akapiga hewa, na jinsi wa kuzama unavyomvuta apige chini. Katika vyuo vingi kocha ndiye anayechagua mrusho kwa ishara kutoka benchi, lakini mdakaji ndiye anayeona kama uchaguzi ule umefaulu. Tena mwamuzi husimama nyuma yake: kabla hata hajashika gongo, mdakaji ameshajua leo mwamuzi huyu anakubali mipira ya pembeni au anaikataa. Kuchuchumaa kulichosha miguu yake, na papo hapo kulimpa elimu ambayo mchezaji aliye mbali uwanjani haipati.

Kuna watakaosema namba za vyuoni hupambwa na wapinzani dhaifu. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake liko katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Marekani, mabingwa wa Olimpiki wa 1996, walipoteza michezo mitatu mfululizo mbele ya Japani, China na Australia, wakakaribia kutolewa. Walipokutana tena na China katika mtoano, mchezo ulikwenda awamu za nyongeza bila mkimbio, hadi Nuveman alipopiga homurani ya mikimbio mitatu na kuumaliza 3-0. Marekani ikaishia na dhahabu. Alipata dhahabu nyingine Athens 2004, safari hii akiwa timu moja na Finch, na fedha Beijing 2008. Baadaye akageukia ukocha, na akawa kocha mkuu wa San Diego State.

Simpunguzii Alo wala Chamberlain heshima yao. 122 ni 122. Ninachodai ni kwamba rekodi isomwe pamoja na kazi aliyokuwa nayo mwenye rekodi. Softiboli inarudi katika Olimpiki ya Los Angeles 2028, na michezo yake imepangwa kufanyika Oklahoma City, jiji lile lile ambako Nuveman alitwaa ubingwa wa 1999. Msomaji atakayeitazama kwa mara ya kwanza asikimbilie kuhesabu homurani. Amtazame mdakaji anapoondoka kuchuchumaa, anavua kinga zake na kushika gongo, kisha ahesabu mipira mibaya anayoikataa kabla ya kupiga ule mmoja ulio mzuri. Atakuwa anaupima mchezo kwa kipimo kinachomtendea haki.