Ukitoa pointa, umempa ufunguo au nyumba?

Wewe unayejifunza C++ usiku kwa bando za mkopo, kuja tuongee. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo haya sikufunzwa darasani. Nilifunzwa na programu niliyomwandikia mama mmoja wa duka mtaani. Asubuhi inapiga kazi fiti, kufikia jioni simu inalia: "Kijana, hii kitu yako imezima tena." Na doo yangu ya mwisho bado iko kwake.

Kosa lilikuwa langu. Nilitumia unique_ptr, ile pointa erevu iliyokuja na C++11 mwaka wa 2011, ambayo hufuta kumbukumbu yenyewe kazi ikiisha. Lakini maktaba nyingi zimeandikwa kwa C, na C haijui pointa erevu. Inataka pointa ghafi, yaani anwani tu.

Chukulia una nyumba. get() ni kumpa fundi kopi ya ufunguo: anaingia, anatengeneza bomba, anaenda zake. Nyumba bado ni yako. release() ni kumkabidhi nyumba yenyewe, na kuanzia hapo kuibomoa ni juu yake. Mimi nilitumia get() kwa fankisheni iliyochukua nyumba na kuibomoa. Kisha unique_ptr yangu nayo ikaja kubomoa. Kumbukumbu ikifutwa mara mbili, programu si lazima ife papo hapo. Inaweza kuharibika kimyakimya, ianguke saa nyingine kabisa, mahali usipodhania.

Kwa hivyo, kabla ya kupitisha pointa, soma maelezo ya fankisheni. Inaazima? get(). Inachukua? release(), na uhakikishe itafuta kwa njia inayolingana na ulivyounda. Kilichoundwa kwa new hakifutwi kwa free().

Kuna aina ya tatu, ile inayokuletea kitu. sqlite3_open ya SQLite huomba anwani ya pointa yako ili iandike humo muunganisho wa hifadhidata. Zamani ungetumia pointa ghafi ya muda, kisha reset(). Ukitoka kwenye fankisheni kabla ya reset(), umevujisha. Na hata ikifeli kufungua, kwa kawaida SQLite bado inakupa muunganisho unaopaswa kuufunga.

C++23 ilileta dawa: sqlite3_open("duka.db", std::out_ptr(db)). Hapo db ni unique_ptr uliyoiambia ifunge kwa sqlite3_close, si delete. out_ptr inapokea anwani na kuikabidhi db mstari ukiisha. Chunga hapo: ukiita sqlite3_open ndani ya masharti ya if, kisha ukague db ndani ya masharti hayo hayo, utaikuta bado tupu. Ita kwanza, weka jibu kando, ndipo ukague.

Programu ya mama? Nilibadilisha neno moja tu, get() ikawa release(). Jioni hiyo simu haikulia. Kesho yake ililia mara moja: ujumbe wa M-Pesa.