Jani Lililochumwa Bado Lina Kazi

Mkulima wa Urambo akichuma majani ya tumbaku ya chini, akayafunga kwenye fito na kuyatundika ndani ya bani, banda la kukaushia kwa moto, hajatundika mizoga. Majani hayo bado yanapumua. Kwa siku mbili hivi, joto likiwa karibu nyuzi 35 na unyevu mwingi, yanazeeka: wanga unageuka sukari, na klorofili, ile rangi ya kijani, inabomolewa hadi njano iliyofichwa nayo ijitokeze. Akikoleza moto mapema, jani hufa kabla halijamaliza, nalo hukauka na ukijani wake. Sokoni hushushwa daraja.

Yaani jani huzeeka likiwa hai, na kwa jasho lake lenyewe. Ndiyo maana uzee huo unaweza kucheleweshwa.

Ubomoaji hufanyika hasa kwenye kloroplasti, vifuko vinavyonasa mwanga, ambamo imo sehemu kubwa ya protini ya jani. Shambani mmea huivunja protini hiyo na kuhamishia vipande vyake kwenye machipukizi na mbegu. Jani lililochumwa halina pa kuvipeleka, lakini hubomoa vilevile, kwa kuwa limekatiwa homoni inayopanda kutoka mizizini. Albert Chibnall wa Uingereza alikwisha kuona kwamba jani lililokatwa, likiota mizizi kwenye kikonyo, hubaki kijani muda mrefu.

Mwaka 1955, huko Wisconsin, Marekani, wanasayansi Miller na Skoog na wenzao waliipata kinetini, dutu inayofanya kazi kama homoni hiyo. Waliitoa, amini usiamini, kwenye DNA ya manii ya samaki, wakaijaribu kwenye vipande vya shina la tumbaku. Mwaka 1957 Richmond na Lang walionyesha kuwa majani yaliyokatwa yakipewa kinetini hushikilia protini yake. Kisha Kurt Mothes, Ujerumani Mashariki, akaitia sehemu moja tu ya jani. Sehemu hiyo ilibaki kijani na kuvuta virutubisho vya sehemu nyingine, kama Tabora ya misafara ilivyovuta pembe za ndovu kutoka Ujiji na Karagwe.

Mwaka 1995 Gan na Amasino walitengeneza tumbaku inayojizalishia homoni hiyo mara majani yanapoanza kuzeeka. Yalikaa kijani muda mrefu ajabu. Maabara ilishangilia. Mwenye bani angeguna: kila siku ambayo jani linakataa kuwa njano, tanuri linakula kuni za miombo.