Mashini ya chumvi inatoa mapovu, lakini javeli haina nguvu: kosa liko wapi?

Uvira na Fizi wanaijua kolera, si habari mpya. Ndiyo maana kuna vituo vya afya huku mashariki vinavyotengeneza javeli vyenyewe: chumvi ya jikoni, maji meupe, umeme wa plake ya jua, na kifaa kidogo kinachochovywa ndani ya ndoo. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, klorini inazaliwa. Hakuna kungoja gari lifike.

Shida ni kwamba kile kifaa hakipigi kelele kikiharibika. Mapovu yanaonekana, muuguzi anaridhika, kumbe ndani ni maji ya chumvi tu. Na mama aliyepewa chupa anaamini kama maji ya nyumbani yametibiwa.

Kama mapovu hayatoki kabisa, angalia umeme: batri imeisha, ao waya umeshika kutu. Usichanganye plus na minus, sahani za ndani zitakufa.

Mapovu yakitoka lakini javeli ni dhaifu, mimi ningeanza na chumvi. Vifaa vingi vya namna hii vinataka gramu 25 kwa litre moja ya maji, ili kupata karibu gramu 6 za klorini. Kijiko cha kukadiria kwa macho kinadanganya, zaidi chumvi ikiwa imelowa. Tumia mizani. Kisha tazama sahani: zikiwa na utando mweupe, ni madini ya maji yameganda. Loweka kifaa kwenye vinegri ao maji ya ndimu, usisugue kwa chuma, halafu suuza sana. Vinegri isikutane na javeli hata kidogo, inatoa gesi ya sumu. Hata yale mapovu ni hewa inayowaka. Mshumaa na sigara vikae mbali, dirisha liwe wazi.

Lakini kwa maoni yangu, javeli nyingi inaharibikia kwenye chupa. Imetoka nzuri asubuhi, imewekwa dirishani katika chupa inayopitisha mwanga, na jua linaimaliza. Iwekwe kwenye plastiki nyeusi, penye baridi, itumike ndani ya saa 24.

Nyumbani, mililita 5 za javeli hiyo zinatosha bidoni ya litre 20 ya maji meupe. Ngoja dakika 30. Maji ya matope yaache yatulie na uyachuje kwanza, kwa sababu uchafu unakula klorini. Na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH karibu 9, humo klorini inafanya kazi polepole, kwa hiyo ongeza muda wa kungoja.

Kituoni waulize kama wana vidonge vya DPD. Kidonge kimoja ndani ya maji yaliyotibiwa: yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe, usiyanywe, rudisha ile chupa.