Mzee Ateremke Pwani au Abaki Mlimani?

Kila mwaka baada ya sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya mabasi yanayopita Same kuelekea Tanga na Dar es Salaam hujaa vijana wetu wanaorudi kazini. Wengi huondoka na ndizi, mahindi na maharage ya nyumbani. Baadhi yao huondoka pia na baba au mama. Mzee amekwisha kuzeeka, miguu inamuuma, baridi ya Chome, Mbaga au Usangi inamtesa, na watoto wameamua kwa nia njema kwamba sasa ateremke akakae pwani, apate joto, samaki na hewa ya bahari.

Uamuzi huo si mdogo. Wapo wazee waliopata nafuu kubwa kwa kuteremka, na wapo waliorudishwa milimani baada ya miezi michache wakiwa hoi. Katika toleo hili tutaeleza ni kipi hasa pwani humpa mzee, ni kipi humnyang'anya, na mambo ya kuangalia kabla ya kumpandisha ndani ya basi.

Imani ya zamani

Kuamini kwamba bahari inaponya si jambo la watu wa pwani peke yao. Huko Uingereza, katikati ya karne ya 18, daktari aitwaye Richard Russell aliandika kitabu cha kusifu maji ya bahari. Aliwaagiza wagonjwa wake kuyaoga na hata kuyanywa, na matajiri wakamiminika katika kijiji cha wavuvi cha Brighton mpaka kikawa mji. (Kuyanywa tusimwige. Maji ya bahari hukausha mwili na huumiza figo.) Wajerumani nao walipotawala nchi yetu walijenga hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1897, ikielekea bahari ili wagonjwa wapate upepo. Lakini Wajerumani haohao, joto la pwani lilipowachosha, walipanda Lushoto kupumzika katika baridi ya Usambara. Kwa hiyo hata wao hawakukata shauri moja.

Utafiti wa siku hizi nao una pande mbili. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo yaliyotokana na sensa ya England ya mwaka 2001. Waliona kwamba watu wanaoishi karibu na bahari walielekea kusema afya yao ni nzuri kuliko wale wanaoishi mbali, na tofauti hiyo ilionekana zaidi katika maeneo ya watu maskini. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Kisha mwaka 2021 Mganga Mkuu wa England, Chris Whitty, alitoa taarifa iliyoonyesha kwamba miji mingi ya pwani ya nchi hiyo ina magonjwa mengi kuliko sehemu nyingine. Sababu mojawapo ni kwamba wazee huhamia huko wakistaafu, wakati waganga na huduma ni haba. Bahari ni nzuri, lakini haitoshi yenyewe.

Faida zilizopo kweli

Tuanze na joto. Baridi na ukungu wa Juni na Julai huko milimani haviumbi ugonjwa wa viungo, ila hukaza misuli na maungo yaliyokwisha kulika, na mzee huamka asubuhi amekakamaa kama mti. Baridi pia hubana mishipa ya damu, na shinikizo la damu hupanda. Katika joto la pwani mishipa hulegea, na mzee mwenye magoti mabovu hunyooka mapema zaidi.

Faida ya pili haisemwi sana: moshi. Wakati wa baridi bibi hukaa jikoni kutwa akiota moto wa mafiga, mlango umefungwa. Moshi huo, miaka 50 au 60, huharibu mapafu kama sigara. Akihamia nyumba inayopikia kwa gesi, kikohozi chake hupungua. Lakini si bahari iliyomtibu. Ni kutoka katika moshi. Dirisha na bomba la moshi katika jiko la kule Suji vingefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko nauli.

Tatu ni wepesi wa kupumua. Penye kimo cha meta 2,000, hewa ina msukumo wa asilimia 80 hivi tu ya ule wa ufukweni, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mtu mwenye afya aliyezaliwa huko hana habari. Bali mzee ambaye moyo au mapafu yake yamechoka huweza kupata nafuu kiasi akishuka. Hata kuteremka hadi Same mjini, penye meta 860 hivi, ni hatua kubwa.

Tena ardhi ya pwani ni tambarare. Njia zetu za milimani wakati wa masika ni utelezi mtupu, na nyonga iliyovunjika kwa mtu wa miaka 75 mara nyingi ndiyo mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja. Ufukweni mzee anaweza kutembea bila kupanda wala kushuka. Anaweza hata kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni, mahali patulivu na akiwa na mtu, kwani maji hubeba uzito wa mwili na magoti hupumzika. Mwenye kisukari asiingie pekupeku. Akikanyaga gamba au mwiba huenda asisikie maumivu, na kidonda kikaanza bila yeye kujua.

Kuhusu samaki, mafuta ya samaki wa baharini kama vibua na dagaa ni mazuri kwa moyo. Lakini si lazima kuhama kwa ajili ya samaki. Perege na dagaa wa Nyumba ya Mungu hutufikia huku, na ingawa wana mafuta hayo kwa uchache zaidi, ni chakula bora cha kujenga mwili. Na tuseme wazi: papa na ng'onda waliokaushwa kwa chumvi, wakiungwa kwa nazi nzito kila siku, ni adui wa mzee mwenye shinikizo la damu.

Malaria na homa nyingine

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo familia nyingi hujisahau. Upare unajulikana katika historia ya malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959 ulifanyika hapa mradi wa Pare-Taveta, nyumba zikapuliziwa dawa ya dieldrin chini ya uangalizi wa taasisi ya utafiti iliyokuwa Amani, na malaria ikashuka sana tambarare. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, vijiji vya Rombo, Upare na Usambara vilipimwa kwa kufuata kimo chake. Ilionekana wazi kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo vijidudu vya malaria vinavyopungua katika damu za watu.

Maana yake kwa mzee wetu ni hii. Mtu aliyekulia Ndungu, Kihurio au Muheza ameumwa na mbu maisha yake yote, na mwili wake umejifunza kupambana kiasi. Mtu aliyeishi juu mlimani miaka 70 hana kinga hiyo. Akiteremka, mwili wake huipokea malaria karibu kama mtoto mdogo, lakini bila nguvu za mtoto. Ni kweli malaria imepungua sana Dar es Salaam tukilinganisha na miaka ya 1990. Hata hivyo haijakwisha, na Tanga vijijini bado ipo.

Kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwe tayari kitandani usiku wa kwanza, si kinunuliwe wiki ya pili. Mzee akipata homa, au akianza tu kuchanganyikiwa, kukataa chakula au kulala mno, apimwe damu siku hiyo hiyo, kwani homa ya wazee mara nyingine haichemki. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Basi hata akirudi milimani, mganga aambiwe kwamba mgonjwa alikuwa pwani, maana wengine wameugulia nyumbani wakidhaniwa wana mafua ya baridi.

Ipo pia homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, chandarua cha usiku hakitoshi. Mapipa yafunikwe na makopo yamwagwe. Homa isiyojulikana isitulizwe kwa aspirini, maana katika dengi inaweza kuleta kutokwa na damu. Parasetamoli ni salama zaidi.

Joto nalo linaua

Kumbuka tulivyoanza: wazee wengi hupelekwa pwani Januari. Huo ndio wakati mbaya kabisa! Kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, joto la mchana Dar es Salaam hupita digrii 30, unyevu wa hewa ni mwingi, jasho halikauki, na usiku hauleti ahueni. Mzee ana hasara mbili. Mwili wake hautoi jasho vizuri kama zamani, na kiu haimjii upesi. Huweza kukauka maji huku akisema hataki kunywa.

Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kukojosha, yumo katika hatari zaidi. Joto lenyewe hushusha shinikizo; dawa nazo hushusha; mzee akisimama usiku kwenda msalani, kizunguzungu, chini! Apimwe upya wiki mbili baada ya kufika, na mganga aamue kama dozi ibadilishwe. Asiache dawa kwa hiari yake. Apewe maji kidogo kidogo kutwa nzima bila kungoja kiu, isipokuwa mwenye moyo ulioshindwa kazi, ambaye aulize kwanza kiasi chake. Chumba chake kiwe na madirisha mawili yanayopitisha upepo, au pangaboi. Chumba kimoja cha kupanga chini ya bati bila dari, mbali kule ambako upepo wa bahari haufiki, si pwani tunayoizungumzia hapa.

Kazi ya mzee

Tumetaja mwili; tusisahau mtu mwenyewe. Huku milimani mzee ana kazi. Hushauri juu ya zamu za maji ya ndiva, huulizwa mpaka wa shamba uko wapi, huitwa kwenye msaragambo hata kama ni kukaa kivulini tu na kuelekeza. Huzungumza Chasu na jirani yake. Kule mjini wana wametoka kazini alfajiri, wajukuu wako shule, na mzee amefungiwa getini na runinga. Halimi, hatembei, anakula vizuri. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kwa mwaka mmoja tu waliongezeka zaidi ya kilo mbili kila mmoja kwa wastani, na kazi za nguvu zikapungua sana. Hao walikuwa bado na nguvu za ujana na utu uzima. Mzee ambaye miguu yake imeacha kupanda mlima hupoteza nguvu za mapaja upesi mno, na kuzirudisha ni vigumu.

Mzee aulizwe mwenyewe. Tunasisitiza hilo kwa sababu tumeona baba anaambiwa safari siku ileile ya safari, begi limekwisha kufungwa. Akikubali, tunashauri ajaribu kwanza. Aende Juni, wakati milimani kuna baridi na pwani upepo wa kusi umeshaleta ubaridi, akae miezi mitatu, arudi kabla ya joto la Desemba. Familia nyingine zimefanya hivyo mwaka hadi mwaka, na shamba na jina la mzee vikabaki mahali pake.

Kabla ya safari apite kliniki yake, awe Same, Gonja au kwingineko, achukue dawa za miezi miwili na karatasi yenye majina ya dawa hizo, si rangi za vidonge. Achukue kitambulisho chake cha mzee cha matibabu, na watoto waulize mapema katika kituo cha kule kama kitapokelewa. Ndani ya basi asimame na kunyoosha miguu kila basi linaposimama, na asiache kunywa maji kwa kuogopa kuomba dereva asimame.