Kifaduro: Kikohozi Kilianza Lini?

Mama mmoja alimleta mtoto wa wiki 5 zahanati kwetu. Mtoto alikohoa mfululizo, midomo ikawa ya bluu. Nikasema nadhani ni kifaduro. Mama akakataa. "Daktari, mbona hawiki kama jogoo?" Mimi si daktari, ni mganga msaidizi. Nimechoka kusahihisha.

Mtoto mkubwa mwenye kifaduro, akimaliza kukohoa, huvuta pumzi kwa mlio, halafu hutapika. Mtoto mchanga mara nyingi hana mlio. Yeye huacha kupumua. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Kule walipitisha kijiti chembamba puani, taratibu, mpaka nyuma ambako pua hukutana na koo. Vijidudu vya kifaduro hukaa huko. Kijiti hicho hakina pamba, maana pamba huvidhuru. Maabara huvipanda vijidudu kama sisi tunavyopanda mbegu. Chakula chao cha zamani, kilichobuniwa na Bordet na Gengou wa Ubelgiji mwaka 1906, kina viazi na damu. Ndiyo, viazi! Lakini huota polepole, jibu huchukua wiki moja au zaidi. Kipimo kipya hutafuta alama za urithi za kijidudu, na jibu huja upesi. Mtoto wetu hakungoja jibu. Alipimwa, akaanzishiwa dawa papo hapo. Jibu likaja: kifaduro. Sasa amepona.

Aliambukizwa na nani? Kaka yake wa miaka 9 alikuwa akikohoa wiki ya sita. Naye alichanjwa utotoni, lakini kinga hupungua miaka ikipita. Ndiyo sababu moja ya ugonjwa huu kurudi. Huko Marekani waliandikwa wagonjwa 1,010 mwaka 1976. Mwaka 2012 walizidi 48,000.

Kwa kaka yule kijiti hakikufaa tena. Kupanda vijidudu hufaa zaidi wiki 2 za mwanzo, na kipimo kipya hufaa mpaka wiki ya 3 au ya 4. Baadaye hupimwa damu. Tena alikuwa amemeza vidonge vilivyobaki nyumbani. Vidonge vya namna hiyo huweza kuvificha vijidudu, kipimo kikakosa kuviona.

Chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto yule alikuwa hajafikia hata ya kwanza.

Swali letu la kwanza zahanati ni hili: kikohozi kilianza lini? Kalamu unayo. Iandike tarehe hiyo, uje na karatasi yako.