Waleti 30 zilirudi kwa sababu ya milimita mbili: chora pateni yako kwenye kompyuta kabla hujakata ngozi

Leo nakuletea somo ambalo mimi nimelilipia ada. Kama unatengeneza na kuuza waleti, mikoba au chochote cha ngozi mtandaoni, soma mpaka mwisho.

Nilipata oda ya waleti 30 kutoka ofisi moja. Walitaka kuwapa wafanyakazi wao zawadi. Bei elfu 25 kwa moja, jumla laki saba na nusu, na nusu ya hela wakanitumia kabla. Sampuli walishaiona, wakaipenda, na kadi iliingia vizuri kabisa. Muda ulikuwa mfupi, nikamwita fundi mwenzangu tusaidiane. Mimi nakata, yeye anashona. Siku ya tano mzigo ukaenda.

Jioni simu ikaita. "Dada, waleti ni nzuri sana, ila kadi haziingii."

Nilidhani utani. Kesho yake nikaenda mwenyewe, nikatoa kadi yangu ya benki, nikajaribu ya kwanza. Haiingii. Ya pili, haiingii. Ukisukuma kwa nguvu ngozi inajikunja. Zote 30 zikarudi, na ile hela ya mwanzo nikairudisha kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Kosa lilikuwa wapi? Mfuko wa kadi niliukata upana wa milimita 92. Kipimo hicho nilikipata kwa kuweka kadi juu ya ngozi na kuacha nafasi kidogo kila upande, kwa macho tu. Sampuli niliishona mwenyewe, mshono ukiwa milimita 2.5 kutoka ukingoni. 92 ukitoa 5 inabaki 87. Kadi inapita. Fundi wangu yeye amezoea kushona milimita 4 kutoka ukingoni, na kusema kweli mshono wake ni imara kuliko wangu. 92 ukitoa 8 inabaki 84. Kadi ya benki ina upana wa milimita 85.6.

Nilimlalamikia. Akanijibu kwa upole, "Dada, uliniambia nishone. Hukuniambia nishone wapi."

Alikuwa sahihi. Kipimo kilikuwa kichwani mwangu, yeye angekijuaje? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sisi tunaotengeneza bidhaa, pateni ndiyo daftari.

Pateni ni ile karatasi unayoifuatisha unapokata. Wengi wetu tunakata boksi, tunaweka juu ya ngozi, tunapitisha kisu. Si vibaya, ila boksi linalika kingo, na halisemi mshono upite wapi. Ukichora kwenye kompyuta, kila kipimo kinaandikwa, na waleti ya mwaka kesho inatoka sawa na ya leo, hata ikishonwa na mtu mwingine.

Programu gani?

Kuna programu za CAD, yaani za kuchora kwa vipimo halisi. LibreCAD ni ya bure, unaipakua na kuiweka kwenye laptopu ya kawaida. Ukiiambia mstari uwe milimita 98, unakuwa milimita 98. Nyingine ni Inkscape, nayo ni bure. Hii kazi yake hasa ni michoro na logo, lakini pateni inatoa vizuri ukiweka kipimo chake kuwa milimita. Huna laptopu? Azima ya ndugu jioni moja, faili weka kwenye flashi.

Tahadhari kwa wanaotumia Inkscape: kawaida inahesabu na unene wa mstari kwenye kipimo. Boksi lako la milimita 98 linaweza kuwa kweli 97. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya zana, uchague ipime umbo lenyewe bila unene wa mstari.

Sasa twende kazini. Mfano wetu ni waleti ya kawaida ya kukunja katikati, kadi tatu kila upande na sehemu ya noti nyuma.

1. Anza na kitakachoingia ndani, ngozi baadaye

Kadi za benki zinafuata kipimo kimoja dunia nzima: 85.6 kwa 54. Kwa noti, chukua rula upime ile ndefu kuliko zote unayotarajia mteja aweke. Kama una wateja wanaosafiri, kumbuka dola ina urefu wa milimita 156, ni ndefu kuliko noti zetu.

Upana wa mfuko wa kadi: 86 ya kadi, ongeza 4 ya kupumua, ongeza 8 za mishono miwili. Jumla 98. Mimi nilikata 92. Umeona nilipopotelea?

2. Chora mstari wa mshono, usiache ukingo peke yake

Kwenye LibreCAD, ukishachora umbo la nje, kuna amri ya kuchora mstari sambamba kwa umbali unaoutaka. Iambie 4. Sasa fundi yeyote anaona mshono unapita wapi. Ukiweza, weka na matundu yenyewe, kila milimita 4, halafu nakili matundu hayohayo kwenye vipande vyote vinavyokutana. Utatoboa kwa msharasi na matundu yatalingana bila kuvuta ngozi.

3. Panga mifuko kwa ngazi

Mfuko wa mbele una kimo cha milimita 48. Kadi inakaa juu ya mshono wa chini, inachungulia juu milimita 10. Mdomo wa mfuko wa pili uwe kwenye 60, wa tatu kwenye 72. Kadi ya juu kabisa inaishia 82. Kipande cha ndani kikiwa na kimo cha 86 na cha nje 90, kadi zote zimefichika na noti zinakaa.

4. Unene ni kipimo pia

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye skrini ngozi haina unene, mezani inao. Ngozi ya milimita 1.2, ukipanga mifuko mitatu, kipande cha ndani na cha nje, chini unapata tabaka 5. Mara 1.2 ni milimita 6 kabla hata ya kuweka kadi! Mteja atakwambia waleti inavimba mfukoni.

Dawa yake: mifuko miwili ya nyuma ikate kwa umbo la herufi T. Masikio ya T yanafika kwenye mshono wa pembeni, mwili wake unaishia pale kadi inapokaa, unashonwa kwenye kipande cha ndani. Ukingo wa chini unabaki na tabaka 3. Na mifuko yenyewe tumia ngozi nyembamba zaidi ukiipata, kama ya mbuzi.

5. Kipande cha nje kiwe kirefu kuliko cha ndani

Mifuko miwili ya 98, na nafasi ya 10 katikati pa kukunjia, jumla kipande cha ndani ni 206. Cha nje ukikikata 206 pia, waleti haitafunga, itakaa mdomo wazi kama kitabu kipya. Ngozi ya nje inazunguka safari ndefu zaidi kwenye kona. Kwa ngozi ya 1.2, zidisha kwa 3.14 unapata karibu milimita 4, na bado noti hazijaingia. Mimi naongeza 6. Cha nje kinakuwa 212 kwa 90.

6. Kuprinti ndiko kunakoua kazi nzuri

Umechora vizuri, unaenda steshenari, kijana anabonyeza "ijae kwenye karatasi". Basi, pateni yote imebadilika. Printa ikipunguza hadi asilimia 95, ile 98 yako inakuwa 93. Toa mishono 8, inabaki 85. Kadi ni 85.6. Umerudi kulekule nilikoangukia mimi.

Mwambie aprinti kwa asilimia 100, karatasi ilale, maana A4 ina urefu wa 297 na upana wa 210. Na kwenye kila pateni chora mraba wa milimita 100 kwa 100. Kabla hujalipa, toa rula upime mraba huo pande zote mbili. Usipokuwa 100, rudisha.

7. Tengeneza ya karatasi, halafu ya mabaki, halafu ya kuuza

Bandika pateni kwenye karatasi ngumu ya manila, kata, unganisha kwa gundi, weka kadi na noti. Kosa la manila ni la shilingi mia chache. Kisha tengeneza moja kwa vipande vya ngozi vilivyobaki, unene uleule wa oda. Mpe anayekusaidia naye ashone moja. Ikipita mikononi mwa watu wawili, sasa kata 30. Kila ukibadilisha kipimo, hifadhi faili kwa namba mpya na uandike umebadilisha nini.

Faida nyingine ambazo sikuzitegemea

Ya kwanza ni bei. Ngozi tunanunua kwa futi ya mraba, na futi moja ya mraba ni kama sentimita za mraba 929. Vipande vyote vya waleti hii nikivijumlisha vinafika kama 642. Ongeza robo kwa ajili ya mabaki na makovu ya ngozi, unapata 803, yaani kama futi 0.86. Kama futi unanunua elfu 5, ngozi ya waleti moja ni shilingi 4,300. Zamani nilikuwa nasema tu "kama elfu tatu hivi", halafu nashangaa faida inaenda wapi.

Ya pili ni mteja wa mtandaoni, ambaye hawezi kushika bidhaa. Nikiposti naandika: imefungwa ina upana wa sentimita 10 na nusu, kimo sentimita 9, inaingia kadi 6. Maswali yamepungua, na waliokuwa wanarudisha wamepungua.

Ya tatu, faili ileile unaweza kuipeleka kwa wenye mashine ya kukata kwa leza, wengi wanapokea DXF au SVG. Ila sikiliza: ngozi feki ya PVC isikatwe kwa leza kamwe. Ikiungua inatoa moshi wa sumu na inaharibu mashine.

Yule fundi bado nafanya naye kazi. Siku hizi nikimpa oda namkabidhi na karatasi yenye mistari na matundu, haniulizi kitu. Ile ofisi haijarudi, na siwalaumu.

Una oda mkononi wiki hii? Kabla hujashika kisu, chukua kadi yako, pima mfuko wako kutoka mshono hadi mshono, si kutoka ukingo hadi ukingo. Umepata ngapi? Andika hapo chini tusaidiane. Na kama kuna mwenzako anayeshona mikoba, mtumie hii kabla hajakata.